Midomo Itazame Ndani

Tulipomzika Mwalimu Habel mwezi uliopita, watu wanne walisimama kumsifu, na watatu kati yao wakataja gari. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu wa kujitegemea, aliyelala chini ya gari lake mwenyewe akalitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa kufuata kitabu cha Kifaransa, lugha ambayo hakuijua. Waombolezaji wakaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya mjane, Mama Tabitha, na nilihisi kiwiko chake kikinigusa mbavuni. Sikumgeukia. Nilijua tukitazamana tutacheka, na mwanamke aliyepita miaka themanini hachekei kaburini pa mumewe hata akiwa na sababu nzuri. Jioni, nyumbani kwa binti yao, mtaa wa Komarock, watu walipokwisha kunywa chai na kuanza kutafuta viatu vyao mlangoni, alinivuta karibu akaniambia kwamba nimelitunza jambo lile vya kutosha, na kwamba sasa hakuna wa kumwonea haya. Basi naliandika, ingawa nikifika mwisho wake itaonekana kwa nini mchungaji sikumsahihisha.

Mwaka wenyewe ni ule ambao kahawa ilipanda bei, na nyumba za mawe zikaota Murang'a kama uyoga. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Nilikuwa nimepata kazi katika duka la vipuri vya magari kwenye Barabara ya Kirinyaga, na wiki moja baada ya Pasaka nikapewa kitanda kwa Mwalimu Habel, mtaa wa Ziwani, mahali ambapo ningeweza kwenda kazini kwa miguu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, kuta zimepakwa kijani hadi usawa wa kiuno na rangi ya maziwa kutoka hapo kwenda juu. Chumba cha ndani kilikuwa cha wenyewe. Cha mbele kilikuwa na meza, viti vinne vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, redio isiyoguswa na mtu ila Mwalimu, na nyuma ya pazia la maua, kitanda changu cha mbao. Binti yao Tabitha alikuwa shule ya bweni. Pazia halizuii sauti, kwa hiyo katika wiki ya kwanza nilijua mambo mengi ya nyumba ile kuliko ambavyo ningeambiwa kwa mwaka mzima, na la kwanza kabisa lilikuwa kwamba Mwalimu na mkewe hawasemezani.

Sikulitambua mara moja, kwa sababu walikuwa wakisema sana. Ila kila neno lilipitia kwangu. Tulipokuwa watatu mezani, sahani ya githeri katikati, Mama Tabitha aliniambia nimwambie mwenye gari kwamba chumvi iko mbele yake. Mwalimu alishukuru, akaniomba nimfahamishe mpishi kwamba ameiona. Mwanzoni nilirudia maneno yenyewe, nikigeuza shingo kulia na kushoto kama mtu anayetazama mpira. Baadaye niliona kwamba hapana haja, wote wawili wanasikia vizuri, nikawa natikisa kichwa tu na ujumbe unahesabiwa kuwa umefika. Wageni walipokuja walidhani mimi ni msichana mwenye heshima nyingi.

Sababu ya ukimya ilikuwa nje, mbele ya dirisha, imeegeshwa juu ya kitalu ambacho zamani kilikuwa cha sukuma wiki ya Mama Tabitha. Lilikuwa gari la Kifaransa, refu, rangi ya samli, ambalo Mwalimu alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, pamoja na kitabu chake cha matengenezo. Lilivuja. Nyuma ya giaboksi, pale inapoingia ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, shafti ambayo mafundi huiita propela, kuna pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Pete hiyo ndiyo sili. Ya Mwalimu ilikuwa imekufa siku nyingi. Kila mahali gari liliposimama liliacha dimbwi dogo jeusi, na watoto wa Ziwani wakalibatiza Kikojozi. Mwalimu aliweka kopo chini yake kila jioni. Mama Tabitha aliniambia nimwambie kwamba mtoto wake Tabitha aliacha kuwekewa kopo akiwa na miaka miwili.

Yote hayo yangevumilika, lakini Pasaka ile Mwalimu alimbeba mama mkwe wake kutoka kanisani. Huyo alikuwa mama yake Mama Tabitha, ajuza mwembamba wa Murang'a ambaye sote tulimwita Cucu, kama wanavyoitwa nyanya wote wa huko. Katikati ya mlima oili ikaisha, gia zikalia kama mawe ndani ya debe, gari likakwama. Cucu alipanda mlima uliobaki kwa miguu, kwa viatu vipya vya Jumapili, na Mwalimu, kwa nia ya kumfariji, alimwambia kwamba kutembea ni dawa ya magoti. Cucu alipofika kwake alifunga lango, akasema mbele ya jamaa kwamba gari linalojikojolea halitapita pale hadi lijifunze adabu. Tangu siku hiyo Mama Tabitha naye hakumsemesha mumewe.

Mwezi wa saba ulipoanza, ikaja barua. Cucu amemaliza nyumba ya mawe; kutakuwa na ibada ya kuiombea Jumapili ya tatu ya mwezi unaofuata, na wakwe wote wafike. Mama Tabitha alinisomea barua kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha ndani. Kisha akaniambia nimwambie mwenye gari kwamba yeye atakwenda, kwa basi ikibidi, na kama ni kwa basi atakaa huko mpaka kahawa ivunwe yote. Mwalimu alizima redio, ambayo jioni hiyo alikuwa ameingia nayo chumbani. Alipotoka alikuwa na kile kitabu cha Kifaransa kwapani, akatangaza, kwangu, kwamba atabadilisha sili hiyo mwenyewe. Gereji aliziogopa. Alisema ukipeleka gari gereji na ugonjwa mmoja linarudi na miwili, kama watu wanavyorudi na mafua kutoka hospitali.

Aliahirisha hadi ikabaki wiki moja, na sili nilimletea mimi kutoka dukani. Nilizijua sili zote kwa namba. Kwenye kaunta ningeweza kunyoosha mkono na kuitoa yoyote katika kishubaka chake bila kutazama. Lakini sikuwa nimewahi kuona mahali ambapo hata moja ilikaa. Kwangu zilikuwa vitu vya kukaa ndani ya karatasi. Nasema haya kwa sababu watu hudhani nilizaliwa na spana mkononi, na ukweli ni kwamba Jumamosi ile ya kwanza nilisimama kando ya gari nikiwa nimeshika taulo tu.

Msomaji wa kitabu alikuwa Bwana Ilunga, jirani yetu wa mlango wa tatu, mpiga gitaa kutoka Lubumbashi aliyefanya kazi katika bendi moja mjini. Alikuwa mtu pekee tuliyemfahamu aliyejua Kifaransa. Magari hakuyajua kabisa. Aliletewa kigoda, akaketi kwa uangalifu kwa sababu ya suruali yake ya zambarau, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza wa sura ya giaboksi na kuanza kusoma. Mwalimu, aliyekuwa tayari ameingia chini na miguu tu ndiyo ilionekana, alimwambia aruke maneno ya mwanzo. Alisema kwa miaka yote aliyofundisha hajaona utangulizi uliomsaidia mtu. Bwana Ilunga akafunua kurasa mbili kwa pamoja, akafika penye picha.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, nasi tulikuwa na chetu, na katikati kulikuwa na Kifaransa. Alisoma kwamba kwanza tutoe mti. Miguu ya Mwalimu ikatulia. Akauliza mti gani. Bwana Ilunga alitazama picha kwa muda, akasema ni mti wa kupitisha nguvu, njo vile banaandika, na baada ya kubishana kidogo ikajulikana kwamba Wafaransa wanaiita propela mti. Kisha kukatokea kengele, halafu uma. Mwalimu alisema kutoka chini kwamba sasa anaelewa kwa nini gari lile halitulii, kwa kuwa limebeba jiko zima. Alifungua boliti nne za nyuma, akaugua, akavuta mti wake, na propela ikachomoka kwenye giaboksi kwa mlio kama wa mtu anayenyonya uboho. Oili yote iliyokuwa ndani ikammwagikia. Oili ya gia hunuka mayai viza, na ilikuwa imeshuka usoni, kifuani, hadi ndani ya shati. Alipotoka, macho mawili meupe ndiyo yaliyoonekana. Bwana Ilunga, ambaye alikuwa amerudi nyuma kurasa mbili ili kujua kilichotokea, alisoma kwa upole kwamba kabla ya yote tumwage oili.

Nilitumia taulo. Mama Tabitha, aliyekuwa akianua nguo, aliingia ndani upesi, na kupitia dirishani nilimwona ameinama juu ya meza mabega yakimtetemeka.

Mwalimu hakukata tamaa, na katika hilo mchungaji alisema kweli. Alirudi chini, akaing'oa sili ya zamani kwa bisibisi, ikatoka vipande vipande. Nikampa mpya. Ina upande mmoja ulio bapa na upande mwingine wenye ukingo mwembamba wa mpira unaokumbatia shafti, ukiwa umezungushiwa kispringi kidogo. Bwana Ilunga alisema ule ukingo unaitwa midomo.

"Midomo itazame ndani," akasoma.

"Soma tena," Mwalimu akasema.

"Ndani. Njo vile banaandika."

Mwalimu alitoka chini ya gari hadi kiunoni ili wazungumze vizuri. "Bwana Ilunga, wewe umeshaona mdomo unaotazama ndani? Huo wako unatazama wapi?"

Bwana Ilunga alijigusa midomo, akafikiri, akakubali kwamba unatazama nje. Mwalimu akasema basi, hata Wafaransa hukosea, akarudi chini na kuigonga sili kwa nyundo, midomo nje.

Kesho yake aliendesha gari hadi kanisani, ingawa kanisa lilikuwa karibu, akaliegesha mbele ya mlango ili kila mtu aone. Aliongoza kwaya akinuka mayai. Tulipotoka, dimbwi lililokuwa chini ya gari halikuwa dogo tena; lilikuwa limeteremka kwenye ngazi, na mama mmoja wa ushirika wa kina mama alikuwa amelikanyaga na kuliingiza kanisani hadi madhabahuni. Zamani Kikojozi alikuwa akidondosha. Sasa alikuwa akimwaga. Mwalimu alisema sili ni ya bandia. Akanitazama mimi aliposema hivyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyeileta, na kwa mara ya kwanza tangu nije mjini nililala na hasira.

Jumatatu jioni aliingia tena chini kwa nguvu, bila kuongea na mtu, na baada ya muda tukasikia akiniita kwa sauti ndogo sana. Mgongo ulikuwa umekwama. Wanaume wanne walimtoa kwa kumvuta juu ya mkeka. Kwenye dispensari waliagiza alale juu ya kitu kigumu kwa siku tano, basi tukatoa mlango wa stoo, tukauweka sakafuni chumba cha mbele, chini ya dirisha, naye akalazwa juu yake akitazama dari. Kulikuwa na siku sita kabla ya safari. Pazia langu liliachana na kichwa chake kwa hatua mbili, na kila nilipogeuka kitandani aliniuliza kama nimelala.

Jumatano, nilipokuwa nikimenya viazi na Mama Tabitha uani, aliniomba nimletee sili nyingine kama hiyo aione. Nilikuwa nayo mfukoni. Nilikuwa nimeinunua mchana ule bila kutumwa na mtu, kwa sababu ya neno bandia. Aliigeuza mkononi. Aliingiza kidole gumba, akakisukuma huku na huku. Akauliza oili inakaa upande upi. Nikamwambia ndani. Akamenya kiazi kizima kabla hajasema kitu.

"Ni kama mlango wa zizi la mbuzi," akasema. "Ukifungukia ndani, mbuzi wakisukuma wanajifungia wenyewe. Ukifungukia nje, wakisukuma wamekwenda."

Nilichukua ile sili, nikaitazama, na ghafla nikaona oili ikisukuma, na ule mpira ukizidi kukaza kadiri unavyosukumwa. Nimefundishwa mambo mengi baadaye, na watu wenye vyeti, lakini hakuna aliyewahi kunifungulia kitu upesi kama alivyofanya mwanamke yule na kisu cha viazi. Nikamwuliza kwa nini hakusema Jumamosi. Alinijibu kwamba hakuna aliyemwuliza, na kwamba isitoshe, alikuwa hasemi na mtu.

Jumamosi duka lilifungwa mchana, nikarudi mbio. Mama Tabitha alikuwa amevaa suruali kuukuu ya mumewe na leso kichwani, na gari limekwisha kuinuliwa kwa jeki na kuwekewa matofali. Bwana Ilunga safari hii alisoma kila neno, pamoja na jina la mji kitabu kilipopigwa chapa. Tulimwaga oili kwanza, ndani ya karai. Mwalimu, juu ya mlango wake, hakuweza kuona lolote ila dari, lakini dirisha lilikuwa wazi na masikio yake hayakuwa na ugonjwa. Alitaka kujua boliti ipi tumeanza nayo. Alitaka kujua tumeshika spana kwa mkono gani. Mama Tabitha, chini ya gari, aliniambia nimwambie mgonjwa apumzike. Mwalimu akaniambia nimwambie fundi kwamba boliti hulegezwa kushoto. Mama Tabitha akaniambia nimwambie kwamba ameolewa miaka kumi na tisa na anajua kushoto ni wapi.

Tuliifikia sili, ile ya midomo nje, nikaing'oa. Mabega ya Mama Tabitha hayakutosha kupenya pale juu, kwa hiyo kazi yenyewe ikaniangukia mimi. Shida ilikuwa namna ya kuigonga ile mpya bila kuipinda, kwa maana Bwana Ilunga alisoma kwamba inahitaji bomba maalumu la upana uleule, kifaa ambacho kiwanda kinakiuza. Tukajaribu kikombe, kopo la dawa ya mende, kizibo cha chupa ya chai. Hakuna kilichotosha. Mama Tabitha aliingia ndani, nikasikia kishindo, akatoka na mguu mmoja wa kitanda changu. Chini ulikuwa wa mviringo, laini, na ulikaa juu ya sili kana kwamba ulichongwa kwa kazi hiyo. Nikaipaka midomo oili kama kitabu kilivyosema, nikaielekeza ndani, nikaweka mguu wa kitanda, nikaanza kugonga polepole kuzunguka.

Mwalimu akasikia nyundo. Akaniuliza kwa sauti midomo inatazama wapi. Nikaendelea kugonga. Akauliza tena, akasema anahisi tunakosea, akasema yeye ndiye mwenye gari na ana haki ya kujua midomo inatazama wapi, akaanza kueleza tena habari ya midomo ya binadamu, ya ng'ombe na ya ndege, na kwamba Mungu hakuumba hata mmoja unaotazama ndani.

"Habel, nyamaza," Mama Tabitha akasema.

Hakuwa amemwita Baba Tabitha, wala mwenye gari, wala mgonjwa. Alikuwa amemwita kwa jina lake la ubatizo, moja kwa moja, kupitia dirishani, baada ya miezi minne. Bwana Ilunga alishusha kitabu. Kutoka ndani Mwalimu akaniita taratibu, akaniuliza kama na mimi nimesikia. Nikamwambia nimesikia. Akasema, haya, endeleeni, na hakusema neno lingine hadi tulipomaliza.

Katika kimya hicho niligonga, na kikaja kitu ambacho sikuwa nimesomewa. Mlio ulibadilika. Kila pigo lilikuwa na sauti tupu, ya kitu kinachosogea, halafu pigo moja likatoa sauti nzito, fupi, kama mtu aliyeketi vizuri kwenye kiti. Nilijua imefika. Nilirudia mara moja zaidi ili niisikie tu. Nilikuwa nimelala chali, oili nywele zote, mguu wa kitanda changu mkononi, na nilifurahi kiasi kwamba Mama Tabitha aliniuliza kama nimejigonga kidole.

Tulirudisha propela, tukajaza oili mpya kwa birika kuukuu na mpira wa maji, na Bwana Ilunga, kwa kufuata kitabu, alipiga gia mbili tatu gari likiwa juu ya matofali. Tukaweka gazeti chini. Hadi jioni lilikuwa kavu, mtu angeweza kulisoma. Usiku huo kitanda changu kilisimama juu ya tofali upande mmoja, nami nililala nikiteleza, na kimsingi nililala hivyo hadi mwisho wa mwaka, kwa sababu mguu ule Mama Tabitha hakutaka urudi kuwa mguu.

Jumapili Mwalimu aliweza kuketi. Mkewe alimfunga kiunoni kwa leso mbili, moja juu ya nyingine, hata akawa amenyooka kama askari wa gwaride, akaendesha hadi Murang'a bila kugeuza shingo. Kila baada ya mlima aliegesha, nami nikashuka kuchungulia chini. Tulipofika, Cucu alikuwa amesimama nje ya lango lililofungwa. Hakutusalimia. Mkononi alikuwa na beseni la bati jeupe, jipya, pengine lililonunuliwa kwa kazi hiyo hiyo. Alilisukuma chini ya giaboksi kwa mguu, akasema gari litangoja hapo mpaka ibada iishe, akatupitisha sisi kwa mlango mdogo.

Ibada ilikuwa ndefu, kama nyumba ilivyokuwa kubwa. Waliombea sebule, wakaombea kila chumba cha kulala, wakaombea tangi la maji. Nilimwona Cucu akifungua jicho moja na kutazama langoni. Mwalimu, ambaye hakuweza kuinama wakati wa sala, alisimama wima katikati ya vichwa vilivyoinama, jasho likimtiririka. Mama Tabitha alinishika mkono, akaukaza hadi ukaniuma. Amina ya mwisho ilipotoka, Cucu alitoka kwanza na watu wote wakamfuata. Aliinama mwenyewe, akavuta beseni. Alipitisha kidole ndani yake, akakitazama kidole, akakinusa. Kisha akaligeuza beseni kichwa chini mbele ya wote, akalikung'uta, na hakukuanguka kitu. Akafungua lango, mbawa zote mbili.

Mwalimu aliketishwa kwenye kiti cha mbao chenye mito, akapewa supu kabla ya wengine. Wazee wakamwuliza ilikuwaje. Nikangoja. Mama Tabitha, aliyekuwa akigawa sahani, naye akasimama akangoja. Mwalimu alikunywa supu, akafuta mdomo, akaanza kueleza jinsi alivyoingia chini ya gari na kitabu cha Kifaransa, jinsi oili ilivyomwagika, jinsi mgongo ulivyokwama katika mapambano, na jinsi, na hapa alipunguza sauti, watu wengi wasivyojua kwamba midomo ya sili lazima itazame ndani. Wazee walishangaa. Nilitoka nje kabla ya kusikia zaidi, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakuta sufuria nikaanza kuzisugua kana kwamba zimenitukana. Mama Tabitha alinifuata. Nilimwambia yule mtu ni mwongo. Akachukua sufuria nyingine, akasugua kidogo.

"Mwache," akasema. "Mume akikosa hadithi atatafuta gari lingine."

Jumatatu nilimwomba tajiri wangu, Bwana Nathu, anihamishe kutoka kaunta hadi gereji iliyokuwa nyuma ya duka, ambako walifunga vipuri tulivyouza. Alidhani ni mzaha. Wiki iliyofuata nikamwomba tena, akaniuliza kama nimegombana na mtu kaunta. Mara ya tatu akakasirika, akasema gereji ni ya mafundi, na mafundi hawatafanya kazi mwanamke akiwatazama. Nilimwambia nimefunga sili ya giaboksi. Akauliza nani aliniona. Jioni hiyo nilieleza hayo mezani, wenyewe wakiwa wameshaanza kupeana chumvi bila mkalimani. Mwalimu alisikiliza redio kama kawaida, na sikudhani kwamba alinisikia.

Ijumaa alikuja dukani. Alikuwa amevaa koti la kanisani na kofia, na alisimama kwenye foleni ya wateja nyuma ya dereva wa lori, akangoja zamu yake. Ilipofika hakunisemesha, alimwomba Bwana Nathu atoke ofisini. Akavua kofia.

"Ile sili nilifunga mimi, ikavuja," akasema. "Akafunga huyu, haikuvuja. Nilikuwa hapo nimelala, nilisikia yote. Sijamwambia mtu, na sitarudia."

Bwana Nathu alimtazama, akanitazama, akatazama foleni iliyokuwa ikisikiliza. Akasema nianze nyuma mwezi wa kumi na mbili, kwa majaribio. Mwalimu alishukuru, akavaa kofia, akaniambia Mama Tabitha amesema nipitie sokoni ninunue nyanya, akatoka.

Alitimiza neno lake. Hakurudia. Kwa miaka yote iliyofuata, katika mazishi, harambee na karamu za mtaani, nilimsikia akisimulia alivyomtengeneza Kikojozi, na kila mara oili ilizidi kuwa nyingi na Kifaransa kikazidi kuwa kigumu. Mara ninayoikumbuka zaidi ilikuwa arusi ya Tabitha. Nilikuwa nimeshafungua gereji yangu mwenyewe karibu na mtaa wa Tena, na gari lililomleta bibi arusi nilikuwa nimelipitia boliti kwa boliti. Mwalimu aliwakusanya wakwe wapya mezani, akafika pale penye habari ya midomo, akanitupia jicho juu ya vichwa vyao. Akaniona natafuna, akaendelea.